Mabati ya Afueni

Mabati yalitangulia, karatasi ikafuata nyuma. Bi Chausiku alilirudia neno hilo kila alipoulizwa, na mtaa mzima ulimwuliza: lau karatasi ingetangulia, yale mabati yasingevuka hata mfereji.

Yaliletwa asubuhi moja ya Februari, jua la kukausha mate, kwenye gari lililoandikwa Afueni ubavuni kwa rangi ya kijani. Bi Chausiku alikuwa uani kwake, Kinondoni bondeni, anasugua sufuria kubwa ya mtaa kwa mchanga na majivu. Ilikuwa imerudi kutoka msibani na ukoko wake, na waliofiwa hawagombezwi. Alipoinua kichwa alimwona kijana wa tai nyekundu mlangoni, anatafuta pa kuweka viatu vyake vizuri kati ya dimbwi la maji ya sabuni na vifuu vya nazi.

"Shikamoo bibi. Hapa ndipo kwa Nusaiba?"

"Marahaba baba. Ndipo hapa. Pita, ila usiuegemee ukuta huo, utakuharibia shati."

"Naitwa Leonardi, wa mahusiano, kampuni ya dawa ya Afueni. Tumesikia paa lenu linavuja, na chini ya paa kuna mashine yetu. Kampuni imeona isikae kimya. Mabati yako nje, na mafundi ndio hawa. Leo leo wanayapandisha."

Bi Chausiku akabaki na majivu mikononi. Vuli iliyopita alimwona mjukuu wake akiandika kwenye kompyuta huku mwavuli umefungwa kwenye kiti na nailoni imetandazwa juu ya mashine kama maiti iliyofunikwa. Na yeye alikuwa mwanamke wa kuona wema. Ukimpisha kwenye foleni ya hospitali, sura yako aliiweka moyoni. Akikukuta sokoni siku za mbele atakuulizia watoto. Sasa watu wasiomjua wamemletea paa.

Akapiga kigelegele. Zubeda, jirani wa ukuta mmoja, akajibu kwa cha kwake kabla hajajua ni cha nini.

Nusaiba alitoka chumbani na penseli nyuma ya sikio. Aliwaamkia wageni, akamvuta bibi yake pembeni.

"Bibi, umewauliza wanataka nini?"

"Mtu anakuletea paa, unamwuliza anataka nini? Adabu gani hiyo?"

"Hawa si Bwana Kornelio, meneja wao, bibi. Na mwenyewe simwoni."

"Labda yuko safarini. Kateke maji, mafundi wana kiu."

Na kwa kuwa mkono uliobeba hauondoki mtupu, Bi Chausiku aliwapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, akaandaa kwenye sinia, kisha akatoa sandukuni doti ya kanga mpya aliyokuwa akiitunzia Idi, akamvika Leonardi begani. Leonardi alicheka, akamwita mpiga picha aliyekuwa garini. Picha ikapigwa: Nusaiba kakaa mbele ya kompyuta, Leonardi kaweka mkono juu ya mashine, bibi kashika sinia. Juu yao mafundi walikuwa wanagongomea bati la mwisho. Mabati makuukuu waliyapakia garini, wakaenda nayo.

"Shoga," Zubeda alinong'ona, "mie hii naiona kama posa. Bwana harusi yuko wapi?"

"Nyamaza wee. Watu wema hawa."

*

Kilichowaleta wale watu ni Kibaba. Kibaba kilikuwa programu ya kompyuta aliyoitunga Nusaiba baada ya kozi yake, ya Kiswahili kitupu, ya kutunza hesabu za dawa: zipi zimeingia, zipi zimetoka, zipi zinakaribia kuharibika zitangulizwe kuuzwa. Enzi ile maduka ya dawa yalikuwa yanaota kila kona, kila mwenye fremu na kabati la kioo, lakini programu za kuyaendesha zilitoka ng'ambo, na kwa bei ya moja ungefungua duka la pili. Nusaiba alikitoa bure. Alimpa Sista Adelina wa zahanati ya Madale kwenye disketi, Sista akawanakilia wa Tandale, wa Tandale wakawanakilia wa Temeke. Na hakutoa programu tupu. Alitoa na maandishi yake ya ndani, yale ambayo wengine huyafungia, ili anayejua aweze kuyarekebisha. Sharti lilikuwa moja: ukirekebisha, marekebisho yarudi, wenzako nao wayapate.

Baba yake, Twaha, ambaye alipunguzwa kazi kiwanda cha nguo kilipouzwa, aliona jambo hilo ni wazimu. Lakini Bi Chausiku alilielewa mara moja. Sufuria kubwa, majamvi, masinia na turubai la mtaa vilikaa kwake tangu enzi za mama mkwe wake. Havikuwa vyake. Aliyefiwa au aliyekuwa anaoza mtoto alikuja akavichukua, akavirudisha vimeoshwa. Aliyetoboa, aliziba. Aliyejaliwa, aliongeza. Kazi ya Bi Chausiku ilikuwa kuvitunza tu.

"Kumbe na wewe mtunza vyombo kama mie," alimwambia mjukuu wake. "Ila vyako havisuguliwi kwa majivu."

"Vinasuguliwa, bibi. Tena sana."

Na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Hakuna siku kutunza kunapokwisha. Watu walikuja na disketi zao tangu asubuhi: hapa kimekwama, hapa kinakosea, hapa kingefaa kiwe hivi. Wa kwanza kuliona hilo alikuwa Bwana Kornelio, meneja wa Afueni, mtu mpole wa Songea mwenye suruali iliyopauka magotini. Maduka yote ya Afueni yalitumia Kibaba. Alikuja mwenyewe, akakaa mkekani, akasema, "Kisima hiki sisi tunachota kila siku. Haifai kumwachia binti peke yake kukisafisha." Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi, mwaka nenda mwaka rudi, bahasha ilifika. Ikaja na kompyuta iliyokuwa inatumika ofisini. Hakutaka picha, hakutaka sahihi. Bahasha ile ndiyo iliyokuwa unga wa nyumba ile, na mafuta ya taa, na vidonge vya presha vya Bi Chausiku.

Mwezi ule wa mabati, bahasha haikuja.

*

Zubeda ndiye aliyeileta picha. Aliiona kwenye gazeti alilokuwa analichana afungie vitumbua.

"Shoga, umetoka gazetini na sinia lako! Nusaiba, mwanangu, hebu tusomee wanakusifuje."

Nusaiba alisoma kwa sauti, kisha sauti ikapungua. Gazeti lilisema kampuni ya Afueni imezindua programu yake ya kutunza dawa, na kwamba kijana aliyeiandaa anaishi katika nyumba iliyoezekwa na kampuni hiyo hiyo.

"Programu yake," alirudia. "Yake nani?"

Bi Chausiku aliichukua ile picha akaitazama kwa karibu. Alikuwa amecheka mpaka pengo la jino linaonekana. Alitamani arudi mle ndani ya picha aufunge mdomo.

Siku iliyofuata Leonardi akaja na karatasi. Safari hii hakutafuta pa kuweka viatu. Aliketi kibarazani bila kukaribishwa, akafungua mkoba. Kampuni imepata wenyewe wapya, alisema, na wenyewe wapya hawatoi msaada kwa kitu kisicho chao. Nusaiba atie sahihi, Kibaba kiwe mali ya Afueni. Ataajiriwa, atakuwa na meza yake. Wa Madale, wa Tandale na wengineo watanunua kama wanunuzi wengine, au wakiache.

"Na kuna lile tatizo la mwaka elfu mbili," aliongeza. "Tunataka ulimalize ukiwa kwetu."

Tatizo lenyewe Nusaiba alikuwa analo mkononi. Kibaba kilihesabu miaka kwa tarakimu mbili za mwisho, kama kompyuta nyingi za wakati ule. Dawa itakayoharibika mwaka elfu mbili kiliiona imeharibika miaka mia iliyopita. Dawa hizo zilikuwa zimeshaanza kuingia madukani, na kadiri mwezi ulivyopita ndivyo zilivyozidi.

"Na nisiposaini?" Nusaiba aliuliza.

"Utasaini tu, sista. Mmeshapokea." Leonardi aliinyoosha kalamu juu, kwenye mabati. "Bibi mwenyewe alipiga kigelegele, akanivika na kanga. Nyie watu wa pwani mnajua zaidi yangu. Anayepokea amekubali, au nakosea?"

Ndivyo ilivyo, barua ya posa ikishapokelewa na chakula kikaliwa, mtu hasemi hakusikia. Bi Chausiku alizungusha tasbihi yake kidogo, akauliza kwa upole.

"Baba, haya mabati mmetupa mwaka huu. Na mwakani?"

"Mwakani nini, bibi?"

"Mwakani, na mwaka unaofuata. Kibaba kikitoboka, nani atakuwa anakaa kukiziba?"

"Ah, bibi. Mwakani tutaangalia biashara inakwendaje."

"Ahaa," alisema Bi Chausiku.

*

Walikwenda kumtafuta Kornelio ofisini. Dada wa mapokezi aliwatazama ndala zao, akawaelekeza kwenye benchi la uani, walipokaa watu wanaosubiri maboksi matupu. Walikaa mpaka jua likawahamisha upande. Kila mara dada yule alipita, na kila mara akasema, "Subirini, mama zangu, wakubwa wana kikao."

Pale uani palikuwa na jokofu la dawa linalovuja maji. Mfagizi alikuja akapiga magoti kufuta, na Bi Chausiku akaona anachofutia. Ilikuwa kanga. Ilikuwa ile kanga yake, na maandishi yake bado yanasomeka chini ya tope. Nusaiba naye aliiona, akataka kusimama. Bibi yake akamshika goti.

"Kaa. Huyo kapewa tu, si kosa lake."

Mfagizi ndiye aliyewaambia ukweli, kwa kunong'ona, huku anakamua. Kornelio alishaondolewa tangu Januari. Yuko Tandale, kafungua fremu ya dawa za mifugo.

Walimkuta anampimia mtu dawa ya kuku. Aliwapa kiti kimoja alichokuwa nacho, akawaagizia soda kwa jirani, yeye akasimama.

"Mimi niliandika 'matengenezo'," alisema. "Kila mwezi, matengenezo, pamoja na mafuta ya jenereta. Wale wapya wakauliza, tunatengeneza kitu ambacho si chetu? Nikawaambia, barabara nayo si yetu, mbona malori yetu yanapita na kodi ya barabara tunalipa? Wakanambia mzee umechoka, kapumzike."

"Nyie mlipokuwa mnatupa, mlikuwa mnakinunua?" Bi Chausiku aliuliza.

"Hapana, mama. Hata siku moja. Ningekuwa nanunua ningekuja na karatasi siku ya kwanza." Alifikiri kidogo. "Mimi siwezi tena kutoa kama zamani. Lakini hapa dukani natumia Kibaba hicho hicho, mahesabu nafanyia kwenye mashine ya jirani. Kidogo changu kitakuja."

Aliwasindikiza mpaka barabarani, akasimama upande wa vumbi ili Bi Chausiku asipuliziwe na magari. Jambo dogo, lakini Bi Chausiku aliliona.

*

Jioni ile Twaha alikataa chai.

"Mama, sahihi ni wino tu. Mie mwaka wa nne huu nakaa kibarazani nacheza bao na watu wenye njaa kama yangu. Leo mwanangu anaitwa kazini, meza yake, mshahara wake, nyie mnaniletea habari za masufuria. Wa Madale watafanyaje? Sijui. Sie tutakula nini? Hilo najua. Hatutakula."

"Baba, nikisaini, yule Sista atafungiwa," Nusaiba alisema. "Na aliyerekebisha sehemu ya chanjo ni yeye na karani wake. Si kazi yangu ile. Nitauzaje cha mwenzangu?"

"Uuze nini? Umepewa bure, ukampa bure, ukapewa bure. Katika bure tatu hizo kuna ugali wapi?"

Zubeda, aliyekuwa anasikiliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama kawaida yake, alicheka. Hata Twaha mwenyewe alitaka kucheka, akajizuia.

Bi Chausiku alingoja mpaka pakatulia.

"Twaha. Mkeo alipotutoka, watu walikula hapa siku tatu. Wali ulipikwa kwenye sufuria za nani?"

Twaha aliinamia kikombe cha chai aliyoikataa.

"Zilikuwa za mtaa. Na mwenye hoteli pale barabarani aliwahi kunifuata, anataka kuzinunua zote, bei nzuri. Marehemu baba yako hakuwa na kazi. Niliona haya hata kumjibu. Nilimpa sufuria moja akapikie harusi ya bintiye, akairudisha, basi." Alijifunika vizuri kichwani. "Kosa ni langu. Nimepokea mie. Watu waliona kigelegele changu, na picha yangu iko gazetini. Siwezi kusema sikupokea."

"Sasa bibi?"

"Sasa posa hurudishwa. Hujapata kuona? Inarudi na sinia lake, mchana, watu wanaona. Nani hapa anajua kung'oa misumari?"

Twaha alimtazama mama yake, kisha akatazama juu. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa bahari.

"Mama, wale walichukua na mabati yetu ya zamani. Tutalala chini ya nini?"

"Chini ya Mungu. Na turubai la mtaa."

"Akifa mtu?" Zubeda aliuliza ng'ambo ya ukuta.

"Akifa mtu tunalivua. Maiti haingoji, sie tutangoja."

*

Nusaiba aliomba kwanza amalize. Akamaliza ile kazi ya elfu mbili kwenye mashine ya Afueni, akainakili kwenye disketi, moja ya Madale, moja ya Tandale, na nyingine kadhaa. Mashine akaizima, akaifunga kwa shuka safi.

Bi Chausiku aliita fundi, lakini Twaha alimfukuza.

"Huyu atayatoboa. Waje waseme tumewarudishia mabovu? Lete ngazi." Akapanda mwenyewe, na nyundo mdomoni karibu aitafune kwa hasira. Aling'oa msumari mmoja mmoja, akawa anaunyoosha juu ya jiwe kabla ya kuuweka koponi. "Misumari yao nayo," alisema. "Wasidai hata kutu." Wenzake wa bao waliacha kete zao wakaja kupokea mabati kutoka chini.

Yalipangwa kwenye mkokoteni, kompyuta ikawekwa juu imefungwa kamba. Twaha alishika mbele. Bi Chausiku alivaa baibui lake la Idi, akatembea ubavuni. Kufika njia panda, wanawake waliokula na kuzika na kuoza kwa sufuria zile walikuwa nyuma yao, na Zubeda anapiga kigelegele kila wanapopita mahali penye watu.

"Mnapeleka harusi wapi?" mtu aliuliza.

"Tunarudisha!" Zubeda alijibu. "Bwana harusi ana choyo!"

Langoni kwa Afueni wateja walitoka nje kutazama. Leonardi alikuja haraka, tai imekaa upande.

"Bibi, ni nini hiki? Ingieni ndani basi tuzungumze."

"Juzi tulikaa benchi la maboksi. Leo hapa hapa panatutosha." Alisema kwa sauti ile ile aliyomkaribishia siku ya kwanza. "Mlituletea paa, asante, nilipokea. Sikujua ni posa. Sasa nimejua, na binti hataki. Mabati yenu haya, misumari ndani ya kopo, mashine hiyo juu. Hesabuni."

"Bibi, mabati tuliwapa! Mvua hii mtakaa wapi?"

"Mnatuonea huruma ya mvua?" Twaha alidakia. "Basi ondoa ile karatasi, tuyarudishe juu sasa hivi. Nyundo ninayo."

Watu wakacheka. Leonardi akatazama wateja, akatazama dirisha la wakubwa wake.

"Na kanga yangu naomba," Bi Chausiku alisema.

"Kanga gani?"

"Hiyo mnayofutia jokofu."

Hakukuwa na aliyecheka hapo. Mfagizi aliileta mbio, anatiririsha maji, kichwa ameinamisha. Bi Chausiku alimwambia "Ahsante, mwanangu," akaikamua, akaikunja pande nne, akaiweka begani juu ya baibui la Idi, mbichi vile vile.

Nusaiba alitoa disketi mkobani akaiweka juu ya mabati.

"Hii ya elfu mbili. Inafanya kazi."

Leonardi aliitazama kama inayouma. "Bei gani?"

"Haina bei. Wa Madale wanayo, wa Tandale wanayo. Nanyi mnatumia Kibaba, mna haki kama wao. Ila kukimiliki, hapana."

"Hakuna mtu anayetoa kitu hivi hivi," Leonardi alisema. Na kabla hawajapiga hatua kumi walimsikia akimwambia askari wa lango aitupe, huenda ina ugonjwa wa kuua kompyuta.

"Bibi, hata hawakustahili," Nusaiba alisema.

"Hata mchoyo akifiwa hupewa sufuria. Wanaonunua dawa pale si wagonjwa wetu?" Aliivuta kanga begani. "Wameitupa wao. Sie hatukuwanyima."

*

Masika yaliingia kwa kishindo. Turubai lilifungwa juu ya boriti, nalo lilizuia kiasi chake. Nyumba ile ilinuka unyevu na pilau za zamani.

Sista Adelina alishuka kutoka Madale, sketi imelowa mpaka magotini, akakaa pale pale mkekani alipokaa Kornelio. Amezungumza na wa Tandale, alisema, na wa Temeke, na Kornelio mwenyewe. Kompyuta ya zahanati inalala bure kila mchana. Nusaiba awe anakwenda kuitumia. Na wote wanaotumia Kibaba wamepangana zamu ya kuchanga.

"Hatufiki alipokuwa anafika Kornelio, bibi. Nisiwadanganye. Mwezi mwingine utakuwa unga tu bila mboga."

"Na mwakani?" Bi Chausiku aliuliza.

"Na mwakani," alisema Sista. "Tumelisema hilo kwanza kabla ya kiasi."

Twaha, aliyekuwa mlangoni, aliingia akamwandalia Sista chai. Aliitia tangawizi, na sukari ya mwisho iliyokuwa koponi.

Mwezi Mei, siku ambayo turubai na sufuria kubwa vilikuwa vimekwenda harusini Mkwajuni, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Bi Chausiku alikuwa amezipanga sufuria za kati chumba kizima, chini ya kila tone. Mtu akabisha hodi. Alikuwa Leonardi, bila gari, bila mpiga picha, viatu mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Pita, pita usilowe. Ingawa na humu ndani utalowa."

Akapita, akasimama kati ya sufuria. Maduka yao, alisema huku anatazama chini, yamekwama. Mashine zinakataa kuuza. Zinasema rafu nzima za dawa zimeharibika tangu zamani. Waliita mtaalamu wao, akashindwa, akaondoka na ada yake. Kama ile disketi bado ipo...

"Ipo," Nusaiba alisema. Alikuwa ameshaifuata kabatini.

"Na... bei?"

"Bei hakuna. Kuna zamu. Kila anayetumia, kila mwezi, anachoweza. Sista ndiye anayekusanya."

"Nitawaambia wakubwa. Nadhani kwa mwaka huu wanaweza..."

"Na mwakani?" Bi Chausiku aliuliza.

Leonardi aliinua macho kwenye mapengo ya paa. Tone lilimdondokea shingoni, hakulifuta. Bi Chausiku aliinama, akainua sufuria iliyojaa mpaka mdomoni, akampa mikononi, na Leonardi, kwa kushtuka, akaangusha viatu vyake akaipokea.

"Hilo utalifikiri huku unafanya kazi. Huku kwetu anayekuja kuchukua chombo hutia mkono kwanza. Kamwage mferejini."

Alitoka nayo, peku, suruali ya ofisini inachovya tope, Zubeda anamtazama kutoka dirishani kwake. Alipofika mferejini akageuka, hajui kama ndio basi au vipi.

"Na uisuuze!" Bi Chausiku alimpazia sauti mvuani. "Si yangu hiyo, ya mtaa!"